Paja la Yakobo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimekaa na Mwanzo 32. Yakobo anashindana mweleka na mtu mmoja hadi alfajiri kwenye kivuko cha Yaboki, anaguswa uvungu wa paja, unateguka. Kunakucha ameshabarikiwa, ameitwa Israeli, na anavuka Penueli akichechemea. Baraka na maumivu vilimpata usiku mmoja.

Nilisoma nikimwaza ndugu yetu wa bodaboda, yule aliyegongwa Buzuruga, hapa Mwanza, mwaka juzi. Paja lilivunjika, akawekewa chuma ndani ya mfupa, akatembelea magongo miezi mingi. Eksirei ya mwisho ilipoonyesha mfupa umeunga, nilimwambia, "Umeshapona ndugu yangu, mshukuru Mungu." Akanyamaza. Mkewe ndiye aliyekuja kutuambia kwamba usiku halali, mguu unawaka moto, na mvua ikinyesha na baridi ya ziwani ikapanda, anauma shuka asiwaamshe watoto. Nalijutia neno lile.

Mfupa umeunga kweli. Ila mishipa ya fahamu iliyochanika au kubanwa huweza kuendelea kupeleka uchungu kwenye ubongo hata kidonda kikishafunga. Maumivu yakizidi miezi 3 madaktari huyaita sugu, na eksirei haiyaonyeshi. Mwenye nayo hadeki, wala hajapungukiwa imani. Arudi hospitali aeleze yote; zipo dawa za maumivu ya mishipa, yapo mazoezi ya viungo. Nasi tuzidi kuomba.

Kilichonishika zaidi ni mstari wa 32, ambao huwa tunaupita mbio. Wana wa Israeli hawali ule mshipa ulio penye uvungu wa paja, kwa sababu ya paja la baba yao. Usiku ule hawakuwapo. Hawakumwona akiteguka. Hata hivyo kila walipochinja waliukumbuka mguu wake, wakaweka kando mshipa ule. Waliyaamini maumivu ya mzee wao hadi jikoni!

Sisi jumuiya yetu hukutana juu mlimani Mabatini, ngazi za mawe matupu kutoka barabarani hadi mlangoni. Ndugu yetu alipoacha kuja, tulidhani amepoa kiroho.

Alhamisi hii tutakutana chini, kwa yule mama muuza sato kando ya lami, saa kumi na moja jioni. Vijana, beba kile kiti cha kuegemea. Na wakati wa sifa, asiambiwe mtu yeyote asimame.