Moto uliotanda ziwani: mimi, binti yangu na macho yasiyoona mbali

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ukikaa kwenye mawe ya Bwiru, hapa Mwanza, unaziona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji. Mwaka juzi nilikaa hapo na wanangu wawili tukishindana kuzihesabu. Mdogo, wa miaka sita, alifika ishirini na tatu akachanganya. Dada yake, wa darasa la tatu, akauliza: "Baba, mnahesabu nini? Mimi naona moto umetanda tu."

Jibu hilo nililifahamu, maana ni langu. Nilisoma hadi kidato cha pili nikidhani kila mtu anausoma ubao kwa kubahatisha. Daladala nilizijua kwa sauti ya konda, si kwa maandishi. Nilipoanza kushika hela yangu kwenye dagaa pale Mwaloni, nilinunua miwani kwa mmachinga Makoroboi, nayo ikanizidishia ukungu. Kumbe ilikuwa ya kusomea, ile ya wazee, yenye lenzi zilizovimba katikati. Asiyeona mbali anahitaji zilizobonyea. Nikaitupa, nikasema miwani ni uongo, nikakaa miaka tisa mingine hivyo hivyo.

Kwa binti niliapa sitabahatisha, halafu nikabahatisha. Duka moja mjini lilimkalisha kwenye mashine dakika chache, likatupa miwani ya namba −3.00 (alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, na namba ikiwa kubwa ndivyo tatizo lilivyo kubwa). Aliivaa siku nne, kichwa kikamuuma, akaificha chini ya godoro. Shuleni akaendelea kuitwa mvivu kwa kunakili hesabu vibaya.

Ndipo tukaenda kliniki ya macho Bugando. Kule walimtia matone kwanza, tukasubiri mpaka mboni zikatanuka. Daktari alinieleza kwamba misuli ya ndani ya jicho la mtoto hujikaza sana. Akipimwa bila kulegezwa, namba inaweza kutoka kubwa kuliko ya kweli. Ya kweli ilikuwa −1.75. Tulirudi nyumbani nimemfunika khanga kichwani kwa sababu jua lilimchoma macho, na hadi kesho yake hakuweza kusoma cha karibu. Ukienda, usiende siku ya mtihani.

"Baba, jicho lake limerefuka," daktari aliniambia. "Picha inatua kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaoipokea." Jicho la mtu mzima lina kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, likizidi milimita moja tu, hiyo ni karibu namba tatu za miwani. Na likisharefuka halirudi. Neno hilo la mwisho ndilo nililoondoka nalo. Miwani humwonyesha mtoto ubao, lakini jicho lenyewe bado linakua, na kazi ya mzazi ni kulipunguzia mbio.

Mama yangu alikuja kutoka Magu akalikataa jambo zima. "Mwanangu, ukimzoesha miwani macho yatalala. Mpe karoti na maini." Maini alipewa. Vitamini A ni haki ya jicho, na mtoto akiikosa huanza kupotea gizani, ila haifupishi jicho lililorefuka. Hilo la macho kulala nilimuuliza daktari. Alisema watafiti walishawapa watoto miwani yenye namba pungufu makusudi, wakitumaini itawasaidia. Haikuzuia kitu, na kuna ambao namba zao zilizidi kupanda haraka.

Kinachosaidia, na hakina bei, ni mwanga wa nje. Tunalenga masaa mawili kila siku. Hata kivulini chini ya mwembe mwanga ni mwingi mara nyingi kuliko sebuleni, kwa hiyo halazimiki kuungua na jua. Sisi tunaishi Mabatini, chumba na sebule, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kazi za shule zilikuwa zinafanyika mkekani chini ya taa, kisha simu. Sasa anaandikia nje kabla jua halijazama, na Jumamosi anazunguka na mimi kwenye vichanja vya dagaa. Simu tumegombania sana, sitaki kudanganya. Yapo pia matone ya atropini ya nguvu ndogo ya kupunguza mbio hizo. Tumekubaliana tuyafikirie namba ikikimbia. Tunapima kila miezi sita, na baada ya mwaka mmoja na nusu amefika −2.25.

Mimi nina −3.25. Wenzangu wa rika langu wanasoma risiti kwa kunyoosha mkono. Mimi navua miwani tu, nasoma. Faida hiyo ndogo isikulevye: kuanzia −6 hivi retina iko hatarini zaidi kuchanika au kubanduka. Ukiona vimweko kama radi, vidoa vyeusi vingi kwa ghafla, au pazia linashuka pembeni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama bado hataki kusikia habari za miwani. Ila juzi, akichambua mchele, niliona anayatafuta mawe kwa vidole huku uso ameuelekeza mlangoni. Aliponiona namtazama akauliza, kama mtu anayeulizia nauli: "Hao wa Bugando, wanapima na bibi?"