Nati ya Nyuma ya Spika

Juzi nilikuwa nalehemu jeki ya boksi la spika, yaani kile kipande cha kuchomekea plagi, binti yangu akinimulikia tochi, akaniuliza kwa nini sikazi nati yake kwa nje mpaka nitie mkono ndani kwanza. Sikumjibu mara moja, kwani harufu ya risasi iliyoyeyuka ilikuwa imeshanirudisha Kinondoni, mwaka 1994, usiku wa Jumamosi, ukumbi ukiwa umeanza kujaa.

Gitaa la solo lilikatika katika wimbo wa pili, likarudi likikwaruza, likakatika tena. Mzee aliyekuwa fundi wa vyombo vyetu alikwenda moja kwa moja kwenye amplifaya, akaizima. "Mwanangu, hii ni ya valvu, zile taa za kioo za ndani," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ikipigwa wakati spika haijashika, inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti."

Tulipoondoa ubao wa nyuma wa boksi la spika, nilinyamaza. Jeki ilikuwa inacheza katika tundu lake kama jino la mtoto, na nyaya mbili zilizotoka kwenye spika zilikuwa zimesokotana kama kamba ya katani. Mmoja ulishikiliwa na nyuzi tatu za shaba, nyembamba kama nywele, nyingine zote zikiwa zimekatikia pale pale penye risasi. Mtikisiko wa spika ndio uliokuwa ukilegeza nati, lakini nyaya zilikatwa na mkono wangu. Kila wiki, kabla ya dansi, niliikaza nati ile kwa koleo nikiamini kwamba nakitunza chombo, kumbe kila nilipoizungusha, jeki nzima ilizunguka nayo ndani, ikizinyonga nyaya zake.

Mzee alikata ncha zilizochoka, akazimenya, akalehemu upya. Aliukunja kidogo ulimi wa jeki ili uibane ncha ya plagi, akatia washa yenye meno, kisha akaishika jeki kwa ndani, nami nikakaza kwa nje. Onyesho likaendelea.

Kiongozi wa bendi alipouliza kulikuwa na nini, Mzee alijibu kwamba waya ulikuwa umechoka. Mimi nilikuwapo, na sikusema neno. Nilikusudia kumweleza kiongozi siku nyingine, lakini bendi ilivunjika kabla sijafanya hivyo, na Mzee sasa ni marehemu.

Binti yangu nilimweleza habari ya nyaya kusokotana. Habari ya kunyamaza kwangu bado sijamwambia.