Papa Aliyejua Moyo Hukaa Wapi

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima haikuwa na umeme. Wenye uwezo walikesha na jenereta. Sisi tulikuwa na chemli moja, na Bibi, ambaye televisheni ilikuwa imeshamnyang'anya wasikilizaji, akarudi kazini. Baada ya Isha mkeka ulitandikwa ukumbini. "Paukwa!" "Pakawa!"

Kisa cha kima na papa tulikuwa tunakijua chote. Kima anakaa kwenye mkuyu ulioinamia bahari, anamrushia rafiki yake papa matunda. Papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni. Wakifika katikati ya maji anamwambia: Sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, ah, si ungesema mapema! Sisi mioyo yetu huiacha mtini. Papa anageuza, kima anarukia tawi, urafiki umekwisha. (Kuna na kipande cha punda wa dobi, ila Bibi alikiweka akiba kwa siku tunazogoma kulala.)

Usiku mmoja mjomba wangu, mvuvi, akasema leo anahadithia yeye. Akaenda sawasawa na Bibi, neno kwa neno, hata sauti ya kima akaipatia. Walipofika katikati ya bahari akanyamaza, akatutazama.

"Sasa niambieni. Kima yuko mgongoni, nchi kavu haionekani. Papa kilichomtoa siri mdomoni ni nini?"

Kimya.

"Na papa gani asiyejua moyo hukaa wapi? Kutwa anakula samaki, kila mmoja na moyo wake kifuani!"

Papa wa mjomba alikuwa ametumwa na mfalme asiyekatalika. Aliogelea polepole kusudi, akaitoa siri kusudi, akangoja. Kima akaleta uongo wake, na ulikuwa uongo mbovu. Papa akaudaka hivyo hivyo: "Ah, kumbe!" Akageuza, na safari ya kurudi akaenda mbio kuliko ya kwenda.

Wakubwa tulicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Kisha mimi nikanyamaza, maana miaka yote nilikuwa nikimcheka yule papa kwa ujinga wake.

Mdogo wetu aliyekuja kutoka Dar likizo hakucheka hata kidogo. "Kwani huyo papa kafanya nini cha ajabu?" Hakuwahi kukisikia kisa kabla ya usiku ule. Mjomba alikuwa akihadithia hadithi mbili kwa mdomo mmoja, naye alikuwa akiisikia moja tu. Ikabidi Bibi amsimulie ile yake kwanza, kisha mjomba arudie. Safari hii, kwenye "Ah, kumbe!", mtoto aligaragara mkekani.

Bibi hakufurahi. "Umeniharibia hadithi yangu," alisema, akaenda kulala.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba kisa hicho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikipata kwa watu wa Unguja akakichapisha 1870, na kwamba katika Kalila wa Dimna, kitabu cha hadithi cha Waarabu, mahali pa papa yuko kobe, na kwenye Panchatantra ya Wahindi yuko mamba. Kumbe papa mwenyewe alitiwa na mtu wa pwani. Ningemweleza Bibi, angesema waliokosea ni wale wa mamba.

Usiku uliofuata aliwahi mkekani kabla yetu. "Paukwa!" Kima yule yule, mkuyu ule ule. Lakini yeye hakumfuata kima juu ya mti, alizama na papa hadi kwa Sultani. Na Sultani alikuwa mzima wa afya, anakula halua. Hakuwa na maradhi yoyote. Alitaka kujua tu kati ya watu wake nani angemuuza rafiki. Papa akarudi mikono mitupu (papa wa Bibi walikuwa na mikono) akafanywa waziri.

Mjomba akalalamika kwamba ameibiwa papa wake.

"Na wewe ulimtoa wapi?" Bibi akamuuliza.