Sukari ya Billy Blue na safari isiyo na nauli ya kurudi

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuliopo Sydney tunashika noti ya dola 20 mara kwa mara, ila wachache wetu wamewahi kuuliza yule mama mwenye miwani ni nani. Ni Mary Reibey. Alikuwa na miaka 13 alipohukumiwa Uingereza kwa wizi wa farasi. Akapewa miaka saba, akaletwa huku kwa meli mwaka 1792. Akaolewa, akafiwa na mume, akaendesha biashara ya meli na maduka mwenyewe mpaka akatajirika.

Wafungwa walioletwa Australia kati ya 1788 na 1868 walizidi 160,000. Zamani Uingereza iliwapeleka wafungwa wake kwenye makoloni ya Marekani, lakini vita vya uhuru wa Marekani vikaziba njia hiyo. Magereza yakafurika, watu wakarundikwa kwenye meli kuukuu zilizotia nanga mtoni Thames. Mei 1787 meli 11 ziliondoka Portsmouth chini ya Arthur Phillip, zikafika huku Januari 1788. Ndani yake alikuwemo Elizabeth Beckford, bibi anayetajwa kuwa na miaka 70, aliyeiba jibini la kilo tano na ushee. Alikuwemo pia John Hudson, mtoto wa kufagia mabomba ya moshi, aliyekuwa na miaka tisa alipodaiwa kuiba nguo na bastola. Bibi miaka saba, mtoto miaka saba.

Hiyo miaka saba ndiyo inayoniuma. Ikiisha uko huru, lakini nauli ya kurudi serikali haikutoa. Mwanamume mwenye nguvu aliweza kuomba kazi melini akarudi akiwa baharia. Mwanamke mwenye watoto angeanzia wapi? Reibey mwenyewe alirudi Uingereza mwaka 1820, lakini alikwenda kutembea tu, tena kwa pesa zake, kisha akarejea Sydney. Walio wengi kwao hawakupaona tena.

Kule Canberra, kwenye jumba la makumbusho la taifa, kuna peni za shaba ambazo wafungwa waliwaachia ndugu zao. Peni ilisuguliwa mpaka sura ya mfalme ikafutika, kisha yakachongwa jina, tarehe, moyo au mnyororo, na maneno ya kuomba wasisahauliwe. Kwenye baadhi herufi zimechongwa kwa vitone vidogovidogo, kimoja baada ya kingine. Niliinama pale mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yangu. Nina ndugu niliowaaga uwanja wa ndege nikidhani tutaonana baada ya mwaka, na wengine nimewazika kwa simu. Basi nilielewa kwa nini mtu atumie muda wote ule juu ya sarafu moja.

Sasa kuhusu Billy Blue, na hapa naomba wazazi wenzangu wasome kwa makini. Alikuwa mtu mweusi aliyefanya kazi Deptford, karibu na London. Mwaka 1796 mahakama ya Maidstone ilimhukumu miaka saba kwa kuiba ratili 80 za sukari, kama kilo 36. Sukari ile ilitoka visiwa vya Karibi, ililimwa na watumwa weusi wasiolipwa hata senti. Wenye mashamba yale hawakupandishwa kizimbani. Blue alikaa zaidi ya miaka minne kwenye zile meli za magereza kabla ya kufika Sydney Desemba 1801.

Alipomaliza kifungo alioa, akazaa watoto sita, akawa mvushaji wa watu kwa mashua bandarini. Mwaka 1817 Gavana Macquarie akampa ekari 80 ng'ambo ya kaskazini. Ukipanda treni Town Hall ukavuka daraja kuelekea kaskazini, tazama kushoto kwako: ile rasi ni Blues Point, imeitwa kwa jina lake.

Ardhi ile, hata hivyo, haikuwa ya Macquarie kuigawa. Ilikuwa ya Wakammeraygal, wenyeji wa asili wa huku, na ng'ambo ya pili waliishi wenyeji wenzao, Wagadigal. Mwaka 1789 ndui iliua wengi wao kandokando ya bandari hii, mwaka mmoja na miezi kama mitatu tu baada ya zile meli 11 kufika. Ndiyo maana 26 Januari, sikukuu ya taifa ya kukumbuka kufika kwa meli zile, siendi kwenye nyama choma ya kusherehekea, na wanangu nimewaeleza sababu.

Binti yangu aliulizwa shuleni watu weusi walianza kuja Australia lini, akajibu labda mwaka tuliokuja sisi. Ndani ya zile meli 11 za kwanza walikuwemo weusi: John Randall, aliyehukumiwa Manchester, na John Caesar, aliyehukumiwa Kent na baadaye akatorokea msituni. Watoto wetu wanayo haki ya kuyajua majina haya. Jumamosi ijayo, baada ya darasa la Kiswahili, nitawapeleka wanangu Blues Point kwa miguu kutoka stesheni ya North Sydney. Mwenye mtoto anayetaka kuja, aje naye.