641 ndani ya 4,294,967,297

Jumapili, usiku.

Leo karatasi nzima imeishia kwenye namba moja: 4,294,967,297, yaani 2³² ukiongeza 1. Kwa sura utasema ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Si shufwa, haiishii na 5, na tarakimu zake zinajumlisha 59, kwa hiyo 3 haiingii. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliona wadogo zake, 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2¹, 2², 2⁴, 2⁸ na 2¹⁶, kila moja ukiongeza 1), wote ni tasa, akaamini na huyu ni hivyo hivyo. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaonyesha kwamba 641 inaigawa bila baki.

Ukianza kubahatisha na 3, 7, 11 utachoka bure. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 128 ukiongeza 1 (Euler alikuwa na 64, mwanahisabati Édouard Lucas ndiye aliyekaza baadaye). Basi andika: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza na ya nne zinagawanyika kwa 3, ya tatu kwa 5. Kwa 257, 2⁸ inabakiza −1 (imepungua 1 tu kufika 257), hivyo 2³² inabakiza 1, na namba yetu inabakiza 2. Nayo nje. Unagawanya mara moja tu, kwa 641, unapata 6,700,417 kamili.

Hata huko kugawanya kunaepukika, na hapa ndipo patamu. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, tena ni 5⁴ + 2⁴. Kwa 641, basi, 5 × 2⁷ inabakiza −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Badala ya 5⁴ weka −2⁴, na −2³² inabakiza 1. Ongeza 2³² pande zote mbili: 2³² + 1 haibakizi kitu.

Tahadhari mbili. Jaribio la Fermat mwenyewe kwa msingi wa 2 (ipe 2 kipeo cha namba ukitoa 1, ugawanye kwa namba hiyo; ikibaki 1, inapita kama tasa) litakuambia namba hii ni tasa: 2³² inabakiza −1, hivyo 2⁶⁴ inabakiza 1, na 2³² ni kigawe cha 64. Tumia msingi wa 3, uongo unaumbuka. Pili, programu inayotunza namba kwa biti 32 bila alama (zisizo hasi, mwisho 2³² − 1) haina nafasi ya kutosha. Inakata kilichozidi na kukubakizia 1. Watu hulaumu fomula wakati kosa liko kwenye aina ya namba waliyotangaza.

Na 6,700,417 je? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Kigawo chake ni kigawo cha namba yetu pia, hivyo kwa sheria ile ile ya 128, ukiacha 257 iliyokwisha kutolewa, tasa za kujaribu ni 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Mabaki: 44, 120, 334, 622. Ni tasa.