Kipo, hakipo, au ni sifuri? Kukagua sifa (thamani zenye majina) za objekti kwenye JavaScript

Chukua tovuti ya duka la simu pale Luthuli Avenue inayopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom. Malipo yakifaulu, jibu la STK (lile ombi la PIN linalotokea kwenye simu ya mteja), tuliite `stk`, huja na `ResultCode` yenye thamani 0. Ukiandika `if (stk.ResultCode)` ukidhani unauliza kama sifa hiyo ipo, JavaScript huihesabu sifuri kuwa uongo, na mteja aliyelipa anaonekana hajalipa. Mteja naye akikatiza ombi, msimbo huwa 1032 na `CallbackMetadata`, yaani maelezo ya malipo, haiji kabisa, kugusa `stk.CallbackMetadata.Item` hapo ni kuiangusha programu.

Opereta `in`, inayouliza kama sifa ipo, ni ya zamani, imo tangu ECMAScript 3 (kiwango rasmi cha JavaScript) ya 1999. Shida yake ni kwamba hupanda hadi kwenye prototaipu, objekti ambayo objekti nyingine hurithi sifa zake: `'toString' in {}` hujibu kweli ingawa objekti ni tupu. Mbinu `hasOwnProperty` haipandi, ila usiiite moja kwa moja juu ya data iliyotoka nje. JSON, muundo wa maandishi wa kubebea data, inaweza kuleta ufunguo wenye jina hilohilo ukaifunika, na objekti iliyoundwa kwa `Object.create(null)` haina mbinu hiyo hata kidogo. Ndiyo maana watu huandika `Object.prototype.hasOwnProperty.call(stk, 'CallbackMetadata')`. Ni ndefu na inachosha macho, lakini hata injini kuukuu zinaielewa.

`Object.hasOwn` ya ES2022 (ECMAScript ya 2022) hufanya kazi hiyohiyo na ni safi zaidi. Inahitaji Chrome 93, Firefox 92, Safari 15.4 au Node (JavaScript ya upande wa seva) 16.9, seva iliyobaki Node 14 itarusha TypeError. Kiraka ni hiki:

```
var ina = Object.hasOwn || function (o, k) {
  return Object.prototype.hasOwnProperty.call(o, k);
};
```

Zote mbili hukataa `null`, kwa hiyo hakikisha `stk` yenyewe ipo kwanza.

Njia nyingine ni `?.`: `stk.CallbackMetadata?.Item` hutoa `undefined` badala ya kuanguka sifa ikikosekana. Lakini `?.` haizibiki kwa kiraka kama hicho. Ni sintaksia, si mbinu: injini isiyoijua, yaani kabla ya Chrome 80 au Node 14, hukataa faili zima kabla mstari wa kwanza haujaendeshwa, na `try` iliyo ndani ya faili hilo haikuokoi. WebView (kivinjari kilichomo ndani ya programu za simu) ya Android 4.4 haisasishwi, imekwama Chromium (msingi wa Chrome) 33 au chini yake. Kwa simu hizo pitisha msimbo wa programu kwanza kwenye Babel, chombo kinachogeuza sintaksia mpya kuwa ya zamani. Tena `?.` husoma thamani tu: sifa iliyokosekana na sifa iliyowekwa `undefined` hutoa jibu lilelile, na hapo utarudi kwa `ina`.