Mchungaji na Mbalamwezi ya Kibirizi

Wapendwa katika Bwana, neno la juma hili linatoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 2, mstari wa 7 na wa 8, ambapo Mtume Paulo anajifananisha na mlezi atunzaye watoto wake, kisha anasema kwamba yeye na wenzake walifurahi kuwashirikisha watu wale si Injili ya Mungu tu, bali na nafsi zao. Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu nilipopangiwa kuhudumu hapa Kigoma, kwa maana inawezekana kabisa mtu akaitoa Injili asijitoe mwenyewe, na mimi nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa.

Katika desturi yetu ya Kimethodisti mchungaji hajichagulii kituo. Hupangiwa, akafungasha vyombo vyake, akaenda. Nilipofika nilipanga ibada ya katikati ya juma iwe Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kama nilivyozoea nilikotoka. Akina mama walikuja, wanaume hawakuonekana, nami nikahubiri mara mbili juu ya ulegevu katika maombi. Baada ya mahubiri ya pili mzee mmoja wa kanisa akaniita kando, akaniambia kwa upole, "Baba Mchungaji, hao unaowatafuta, saa hiyo wanasukuma mitumbwi majini. Wasubiri mbalamwezi."

Wenyeji wa ziwani hawahitaji kufafanuliwa, lakini kwa ndugu wa bara niseme kwamba dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa giza likiwa nene samaki huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu, na wavuvi hukaa nyumbani siku kadhaa wakishona nyavu. Basi watu niliowahukumu kwa uvivu walikuwa kazini usiku kucha, na aliyekuwa hajaamka ni mchungaji wao. Niliomba radhi mbele ya kanisa, na tangu hapo ratiba yangu hufuata mwezi.

Tunapenda kusimulia habari za tarehe 24 Mei 1738, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipohisi moyo wake ukipata joto katika mkutano wa Aldersgate, London, na ni vema tuzisimulie. Ila naona tunaishia hapo mapema mno. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, padri yule wa Kianglikana, ambaye awali aliona kuokoa watu nje ya jengo la kanisa ni karibu sawa na dhambi, alisimama mahali pa wazi huko Bristol, Uingereza, akahubiri, na hakukawia kuwafikia wachimba makaa wa Kingswood. Mahubiri ya saa kumi na moja alfajiri yakawa desturi yake, ili kibarua alisikie Neno kabla hajaenda kazini. Joto la moyoni lilimbadilishia saa za kuamka.

Hata madarasa yetu, yaani vikundi vidogo vya waumini, yalizaliwa kwa njia hiyo. Mwaka 1742 waumini wa Bristol walikuwa na deni la jengo lao, wakakubaliana kila mmoja atoe peni moja kwa juma, wakagawanywa katika makundi ya watu kama 12, kila kundi na kiongozi wake. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba kukusanya peni waliyaona maisha ya watu yalivyo, na Wesley akatambua kwamba amepata kitu kikubwa kuliko fedha, yaani watu wa kumsaidia kuchunga roho.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mama mmoja wa kanisa letu huanika dagaa pale Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, na mara ya kwanza nilipomtembelea nilisimama, nikaomba, nikaondoka. Mara ya tatu niliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikasaidia kugeuza dagaa na kuwafukuza kunguru. Tulipofika chanja ya mwisho, bila kuinua uso, akaniambia kwamba yapata miaka miwili hajaisogelea Meza ya Bwana, kwa sababu yeye na dada yake hawasemezani juu ya shamba la michikichi aliloacha mama yao. Jumapili zote hizo nilimwona amebaki kwenye benchi, nikadhani ana haraka ya kurudi kwenye biashara yake.

Mbalamwezi inakaribia. Darasa la Kibirizi litakutana Jumatano saa moja jioni nyumbani kwa mama huyo, na wavuvi wameniahidi kuwapo. Dada yake naye ametuma ujumbe kwamba atakuja. Tafadhali mkumbukeni katika maombi yenu kuanzia leo hadi siku hiyo.